Uzoefu wangu: kubadilisha kompyuta ya dashibodi kwenye Nissan Leaf ya mwaka 2011, hapa Tabora

Nilinunua Nissan Leaf, gari la umeme lililotumika Japani, nikijua kwamba betri yake ya kilowati-saa 24 imechoka, ila sikutarajia kwamba kero ya kila siku ingekuwa kompyuta ya katikati ya dashibodi. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, ramani iliishia hukohuko Japani, na redio ilikamata FM ya 76 hadi 90 tu, hivyo stesheni nyingi za hapa Tabora hazikuingia. Baada ya kuvumilia mwaka mzima nilinunua redio ya Android yenye skrini ya inchi 9 kwa shilingi 480,000, pamoja na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (ile ambayo mafundi huitumia kusoma kompyuta za gari) chini ya usukani.

Hicho kidogo ndicho kilichorudisha fedha yangu. Kupitia programu ya Leaf Spy ninasoma kwenye skrini afya ya betri, ambayo ni asilimia 68, joto lake, na volti za jozi zote 96 za seli. Awali nilitegemea vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi, 9 vilivyobaki kati ya 12, na makadirio ya kilomita yaliyopanda na kushuka kufuatana na nilivyokanyaga mafuta (tuendelee kusema hivyo, ingawa hayapo). Gari halikuongeza hata kilomita moja, na Sikonge kwenda na kurudi bila kuchaji bado sithubutu. Lakini sasa ninajua kwa nini.

Wiki ya pili gari liligoma kuwaka asubuhi, ilhali betri kubwa ilikuwa imejaa. Fundi umeme aliifunga redio kwenye waya usiokatika umeme, ikawa inanyonya betri ndogo ya volti 12 usiku kucha. Na betri hiyo ikiisha, kompyuta za gari haziamki, wala swichi zinazounganisha betri kubwa na gari hazifanyi kazi. Tuliihamishia redio kwenye waya unaozimika pamoja na gari, na tatizo halijarudi. Kamera ya nyuma nayo ilihitaji kipunguza umeme, jambo lililochukua nusu siku.

Hasara ninayoijutia hakuna aliyenidokeza kabla. Kwenye Leaf za miaka hiyo, kupanga muda wa kuchaji na kuamuru chaji ikomee asilimia 80 hufanyika ndani ya redio ya kiwandani, kwa hiyo ukiing'oa unang'oa na menyu hiyo. Betri ya gari hili haina mfumo wa kuipoza kwa maji, na kwa jua la hapa mwezi Oktoba kuiacha ikiwa imejaa kabisa kwa saa nyingi ni kuichosha bure. Siku hizi ninatoka nje kabla ya kulala, ninasoma asilimia, kisha ninachomoa waya kwa mkono wangu mwenyewe; nikipitiwa na usingizi, ninakuta imejaa.

Redio hii ningeinunua tena, lakini ningeanza kwa kumwomba mtu anayesoma Kijapani anisaidie kuielewa ile menyu ya kuchaji. Redio ya zamani nimeihifadhi kabatini na nyaya zake zote. Muuza vipuri mmoja alikwisha kunitajia bei, nikamwambia haiuzwi.