Darubini ya 8x42, uzoefu wangu Kigoma: Gombe, ziwani na kwenye michikichi ya nyumbani

Wadau naleta uzoefu wangu na darubini ya 8x42, ile ya macho mawili, maana kila msimu wageni wanaokuja Gombe, hifadhi ya sokwe huku kwetu, wanauliza wabebe darubini gani, na sisi tunaokaa huku wengi tunaona ni kitu cha watalii tu. Yangu nilinunua used Dar kwa laki mbili na kidogo, haina jina kubwa, na kiukweli hela yake imerudi hapa hapa mtaani kuliko hifadhini.

Kwanza namba. Hiyo 8 ni kwamba ndege anakuja karibu mara nane, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ikiwa pana inaingiza mwanga mwingi kwa hiyo alfajiri na magharibi bado unaona rangi. Zile zilizoandikwa 20x50 au namba za ajabu kama 100x180 achana nazo, jirani yangu aliuziwa moja, ukiishika mkononi picha inatetemeka na ni giza tupu. Hata 10 ni nzuri ukiwa nchi kavu ila kwenye boti inacheza mno, ziwa likichafuka kidogo tu humpati ndege.

Gombe yenyewe iko karibu, kilomita 16 hivi kaskazini ya mji, gari haifiki, unaenda kwa boti. Pale kwa sokwe darubini huihitaji sana, unakaa nao saa moja kwa umbali wa mita 10 na barakoa usoni, sasa ukiwa na bahati wako chini wanachambuana manyoya we weka darubini pembeni uangalie kwa macho yako. Ilinisaidia kwa mbega wekundu kule juu kabisa ya miti, na njiani kwenye boti, furukombe wanakaa kwenye miti ya ukingoni, na kwenye miamba nilimwona swila wa maji ametoa kichwa, akazama, akaibukia mbali kabisa, huyo anawinda samaki hana habari na mtu. Bila darubini ningesema ni kijiti.

Ila sasa nyumbani! Sisi Kigoma ni watu wa mawese, michikichi iko kila kona, na kuna tai anayekula chikichi, kabisa, tai anayekula matunda. Ana mwili mweupe na mabawa yenye weusi, anatua kwenye mkungu, anachuma chikichi, analishika kwa mguu halafu analichana lile ganda la nje lenye mafuta taratibu kwa mdomo. Wengi wanamchanganya na furukombe kwa sababu wote wana nyeupe na wote wanapenda maji (huyu naye anakula samaki na kaa akiwapata). Kwa darubini tofauti inaonekana mara moja, furukombe tumbo lake ni la kahawia iliyoiva na mkia mweupe wote, huyu wa mawese tumbo ni jeupe, mkia mweusi wenye ncha nyeupe, na kuzunguka jicho ngozi tupu nyekundu. Watoto wake ndo wanasumbua, ni kahawia mwili mzima na inachukua miaka kadhaa kubadilika, watu wanawaita mwewe halafu madogo wanawapiga manati, hii inaniuma sana aisee.

Kuna mzee jirani yetu alikuwa anaamini huyu ndege ndo anamaliza vifaranga vyake. Nikampa darubini, nikamwambia shikamoo mzee, hebu angalia pale kwenye mchikichi wa pili. Akaangalia muda mrefu hajasema kitu. Mwisho akaniambia, "Kumbe anakula chikichi huyu, mwanangu, nami naishi naye miaka yote hii." Sasa akiona madogo na manati anawafukuza mwenyewe.

Mwaloni Kibirizi pia pazuri, dagaa wakianikwa wanakuja mwewe, kunguru, yangeyange, na mdiria yule mweusi na mweupe anaelea hewani juu ya maji kabla hajajitosa. Nenda asubuhi, jua linakuwa mgongoni kwako, jioni linazamia upande wa Kongo na kila ndege wa ziwani unamwona kivuli tu. Kiangazi moshi wa kuchoma mapori ukitanda milima ya Kongo haionekani na hakuna lenzi itakayokusaidia.

Mabaya yake: haijazibwa vizuri, kipindi cha mvua ukungu unaingia ndani ya lenzi, ukiwa na hela tafuta iliyojazwa gesi ya naitrojeni. Pia kabla hujailaumu rekebisha kioo cha jicho la kulia, kuna pete pale ya kuzungusha, wengi hawaigusi halafu wanalalamika kichwa kinauma. Mwenye miwani ashushe zile raba za machoni.

Kamba iliyokuja nayo ni nyembamba inakata shingo, fundi wa mabegi soko la Mwanga kanishonea nyingine pana, elfu tano tu.