Hadubini ya USB ya kusomea vitako vya maganda ya risasi: uzoefu wangu, Tabora

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya taa zake.

Ni hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye simu, ina taa nane za LED kuzunguka lenzi na kigurudumu cha kupunguzia mwanga kwenye waya. Boksi linadai inakuza mara 1000. Msihangaike na hilo. Kazi ya kusoma maganda ya Vita ya Kwanza ya Dunia inataka kitako kizima kienee kwenye skrini, yaani ukuzaji mdogo kabisa. Ukizidisha unaona mikwaruzo tu, herufi huzioni. Simu iwe na OTG (uwezo wa kusoma kifaa kilichochomekwa kwenye tundu lake), na baadhi ya simu zinataka uiwashe kwanza kwenye mipangilio.

Shida ya taa ni hii: mwanga unashuka wima, brasi inaurudisha kwenye lenzi, alama zinafutika. Zima LED zote. Laza tochi mezani imulike ganda kutoka ubavuni, kisha zungusha ganda, si tochi. Piga picha nne, kila robo na yake. Kitako kikiwa cheusi, paka unga wa chaki na ufute juujuu. Chaki itabaki ndani ya herufi.

Kabla ya hapo osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini, uchafu wa ndani utoe kwa kijiti cha meno. Ndimu na siki hapana, hata kama fundi wa sokoni anakuapia. Asidi inakula zinki iliyomo kwenye brasi, ganda linageuka wekundu wa shaba, na kingo za herufi zinakwenda nayo.

Hadubini peke yake haitoshi, nunua na kalipa, kifaa cha kupimia milimita. Ganda la bunduki ya Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92 lina urefu wa milimita 57, na ukingo wake hauzidi mwili. Kuna mfuo tu juu yake. La .303 la Kiingereza ni milimita 56, karibu sawa, lakini ukingo umetokeza nje ya mwili, upana wake karibu milimita 13.7. Linalopoteza wengi ni la Mauser ya 7.65 waliyokuwa nayo Wabelgiji: kitako chake kinalingana na cha Mjerumani, tofauti ni urefu, 53 kwa 57. Mdomo ukiwa umepasuka au kuungua, kipimo cha urefu hakina maana tena, na hapo ndipo herufi zinaamua. La milimita 60, nene, lenye ukingo wa upana wa karibu milimita 15, ni la bunduki za mwaka 1871 za baruti nyeusi, ambazo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walianzia nazo vita.

Kwenye kitako cha Kijerumani tafuta mafungu manne: kiwanda (P ni Polte wa Magdeburg, DM ni Karlsruhe), S67, mwezi na mwaka. Hiyo 67 ni asilimia ya shaba kwenye brasi, si mwaka! Kati ya namba mbili zilizobaki, inayozidi 12 ndiyo mwaka. Zote mbili zikiwa 12 au chini, mfano 10 na 12, andika uwezekano wote miwili wala usichague. Kwa maganda ya 1913 na kuendelea mtego huo haupo. Ya Kiingereza yana herufi ya kiwanda (RL ni Woolwich, K ni Kynoch), tarakimu mbili za mwaka, na VII, aina ya risasi iliyoanza 1910.

Tarehe ni ya kutengenezwa, si ya kufyatuliwa. Kigoma ilitekwa na Wabelgiji 28 Julai 1916 na Tabora 19 Septemba mwaka huohuo. Anayekuuzia ganda la 1917 "la vita vya Tabora" anakuuzia hadithi. Kwa Wajerumani kuna kipimo kizuri zaidi, kwa kuwa bahari ilikuwa imezingirwa na meli zao mbili tu za shehena ndizo zilizopenya: Rubens, Aprili 1915, na Marie, Machi 1916. Ganda lao la katikati ya 1915 halikuweza kuja na Rubens, kwa hiyo fikiria Marie. La .303 nalo halithibitishi aliyelifyatua, maana Wajerumani waliteka bunduki na risasi za Waingereza Tanga, Novemba 1914.

Haya yote ni ya maganda matupu, unayoweza kuchungulia ndani ukaona mwanga wa jua haukutani na kitu. Alama ya pini kwenye fataki (kidonge cha kuwashia kilicho katikati ya kitako) si ushahidi kwamba ni salama: risasi iliyogoma nayo imegongwa. Ikiwa kichwa bado kimo, au ni kombora la mzinga, usilichukue, usilioshe, usilipime. Weka alama mbali kidogo na uite polisi.

Kigingi cha kushikia ni plastiki na kinatikisika. Nimekifunga kwa mpira kwenye tofali. Picha zake zinatosha pia kukagua maganda ya mzinga yaliyonakshiwa "Tabora 1916". Alama ya kiwanda imegongwa, brasi imesukumwa na ukoko wa ndani ya herufi una rangi ileile ya nje. Nakshi iliyochongwa juzi ina chini kunakong'aa, na ncha ya kisu imeteleza mwishoni mwa kila mstari.