Kutuma friza kwa lori kutoka Mombasa hadi Amu (mji wa kisiwani Lamu): uzoefu wangu

Mombasa hadi Mokowe, ng'ambo ya Amu, sina neno na hawa wasafirishaji wa mizigo. Friza ilipakiwa jioni, kesho yake mchana nikapigiwa simu kwamba imefika. Nauli ilikuwa ileile tuliyopatana, na boksi halikuwa hata na mkwaruzo. Wanaokumbuka barabara ya Garsen kabla ya lami, lori lilivyokuwa likikwama matopeni, watanielewa.

Kasheshe huanza lori likishasimama. Risiti imeandikwa Lamu, lakini mzigo unashushwa Mokowe, bara, na wahusika wanaona kazi yao imekwisha. Hili wangelisema wakati wa kuchukua pesa. Kuanzia hapo ni makuli wa kushusha, mashua ya kuvuka, makuli wengine wa kupandisha Amu. Nilipojumlisha, kipande hicho kidogo cha maji kilikaribia kula sawa na safari nzima kutoka Mombasa.

Mashuani vijana walitaka kuilaza ubavu. Nikakataa, maana mafuta ya kompresa yakiingia kwenye mabomba ya gesi, mashine yaweza kuharibika.

"Dada, ikisimama itatuyumbisha," nahodha akasema.

"Ami, ibaneni kwa magunia ya mchele."

Wakaibana, tukavuka. Amu maji yalikuwa yamekupwa, gati liko juu ya vichwa vyetu, ikabidi tungoje yajae. Saruji hubebwa na punda, friza haibebeki hivyo: watu wanne walipitisha mti kwenye kamba, na kona moja ya mtaa wa Mkomani iliwashinda hadi jirani alipofungua mlango wake wapate pa kugeuzia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Kililana, penye bandari mpya ya Lamu, haiko mbali na Mokowe. Bandari hiyo ilipokea meli ya kwanza Mei 2021, na Ethiopia na Sudan Kusini ndizo zilizokusudiwa kuhudumiwa. Kontena nyingi zinazoshushwa hapo hupakiwa meli nyingine zikaenda zao. Friza ya muuza barafu wa Amu bado inashukia bandari ya Kilindini, Mombasa, kisha inapanda lori.

Nawapa nyota 3 kwa 5. Nguo na vyakula wape bila wasiwasi. Kitu kizito, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, na kisifike Ijumaa mchana: makuli wengi wako msikitini.