Bao au Dhumna kwa Jioni ya Barazani?
Marafiki wanapokutana barazani baada ya alasiri, hubishana kila mara kama waweke bao au dhumna. Kwa gharama, dhumna hushinda, kwani vipande vyake 28 hutoshea katika kisanduku kidogo, ilhali ubao wa mashimo 32 huhitaji fundi wa kuuchonga. Hata hivyo, komwe moja, yaani mbegu itumikayo kama kete, ikipotea kati ya kete 64, unaweza kuweka kijiwe mahali pake. Kipande cha dhumna kikipotea, seti nzima imeharibika.

Mgeni wa dhumna huweza kucheza jioni ileile. Bao la Kiswahili, ambalo kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi na kuzinamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja, hudai utazamaji wa muda mrefu kabla hujaweza kuilinda nyumba yako, lile shimo lako maalumu. Mimi hulipenda zaidi, kwa ule ukimya unaotanda kete za mwisho zikidondoka shimoni. Lakini bao huchezwa na wawili tu, wengine wakibaki watazamaji. Mkiwa wanne wenye hamu ya kupiga vipande mezani kwa kishindo, wekeni dhumna. Mkiwa wawili wenye subira, tandikeni mkeka mlete bao.