Kaburi la Qin Shi Huang, Xi'an: usiishie kwa wanajeshi wa udongo

Wale mko Nairobi mnaulizana kama Xi'an kule Uchina inafaa, inafaa sana, lakini someni hii kabla hamjalipa ajenti. Pakeji niliyouziwa hapa mjini ilisema kaburi la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa Uchina, kufika huko kumbe ni mashimo ya zile sanamu za wanajeshi wa udongo waliozikwa karibu naye tu halafu mbio mpaka duka la sanamu, na kaburi lenyewe liko hapo karibu hamlioni! Nilikataa kupanda gari. Tiketi ni yuan 120, inakuingiza pande zote mbili, mashimo na kaburi, na basi la kukupeleka kaburini ni bure, sasa mbona watu wanyimwe?

Mashimo ni ya ajabu, hilo sipingi. Namba 1 ina urefu wa mita 230 na pale mbele watu wanasukumana kama Muthurwa jioni, wewe zunguka pembeni uende nyuma uone wanajeshi wanavyounganishwa kipande kwa kipande. Ila roho yangu ilibaki namba 2, kwa yule mpiga mishale amepiga goti ndani ya kioo. Zunguka nyuma yake uangalie soli ya kiatu. Vidoti vya uzi vimechongwa kimoja kimoja, vidoleni na kisiginoni vimebanana, katikati vimeachana, yaani fundi wa miaka 2,200 iliyopita alichonga mpaka soli na alijua itazikwa.

Kaburini sasa utaona kilima cha udongo chenye miti, basi, na wengi wanarudi wakinung'unika. Mimi nilikaa sana. Qin Shi Huang alifariki mwaka 210 KK na mpaka leo chumba chake hakijafunguliwa. Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa Uchina, aliandika kwamba ndani kulitengenezwa mito ya zebaki, na udongo wa hicho kilima ulipopimwa zebaki ikapatikana nyingi kweli. Halafu wale wanajeshi walikuwa na rangi, walipofukuliwa hewa ikawapiga rangi ikabanduka kwa dakika chache, ndio maana wataalamu hawaharakishi kufungua hicho chumba na naona wako sawa kabisa, kikiharibika hakuna kingine.

Upande huohuo wa kaburi ndiko yako yale magari mawili ya shaba ya kuvutwa na farasi yaliyopatikana 1980, usitoke bila kuyaona. Na ubebe paspoti yenyewe, picha kwa simu haitoshi, tiketi inakatwa kwa jina lako.