TAHADHARI: Dalali wa "kuhamisha lizi" hapa Houston kanipiga zaidi ya dola 10,000, na gari limeondoka

Ndugu zangu, naandika hii saa nane usiku nikiwa mapumziko kazini, chai imepoa mbele yangu na sijaigusa. Nimeingizwa mjini. Mimi yule yule niliyekuwa nawacheka wanaotumiwa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nimekaa na mtu uso kwa uso, tukala naye mishikaki, nikamtumia dola 7,500 kwa kidole changu mwenyewe, na asante nikamwambia.

Maoni ya "tamaa mbele mauti nyuma" andikeni tu. Yote nimeshayapata kwa mke wangu, Mama Nuru.

Baada ya kubaki bila gari langu la Toyota Camry, kisa ambacho wengi mnakijua na sirudii, nilikaa wiki tatu naomba lifti kutoka Katy, nje ya Houston ninakoishi, mpaka hospitalini kazini. Maili kama 30 kwenda, 30 kurudi, zamu ya usiku. Nikasema safari hii nikinunua gari, nanunua gari. Na ugonjwa wangu wa magari ya Kitaliano mnaujua. Marehemu baba alikuwa utingo kwenye malori ya Fiat ya njia ya Zambia, kabla reli ya TAZARA haijajengwa. Sisi kwetu tumekua tukisimuliwa Fiat kama wenzetu wanavyosimuliwa Simba na Yanga.

Nilishakwenda kwa muuzaji rasmi wa Alfa Romeo kuulizia lizi. Kwa mlio nyumbani, lizi ni kukodi gari jipya kwa mkataba, mara nyingi miaka 3. Unalipa kila mwezi, unapewa na idadi ya maili usizopaswa kuzipita, mwisho unalirudisha. Gari siku zote ni la kampuni iliyokukodisha. Kwa kredi yangu, yaani rekodi ya ninavyolipa madeni, gari lao la Giulia Quadrifoglio wakanitajia zaidi ya dola 1,100 kwa mwezi, na ya kutanguliza juu. Nikatoka pale nimekuwa mpole.

Ndipo akaja huyu dalali.

Jina simtaji, wanaomjua wanamjua. Na kabla hamjaniuliza nilimwaminije mtu wa hivi hivi: hakuwa mtu wa hivi hivi. Kwenye ule msiba wa mwezi wa 12 si alikuwepo? Si ndiye aliyekuwa anapanga viti na kanzu yake, akatoa na mchango wa dola 200 mbele za watu? Siku ile aliponiuliza kwetu wapi, nikasema Tanga, hakusema "oo, nako nimewahi kufika" kama wanavyosema watu. Aliniuliza, "Ngamiani barabara ya ngapi?" Nikamjibu ya kumi na nne. Akacheka, akanitajia muuza urojo wa pale kona. Sasa mtu anayemjua muuza urojo wa mtaani kwenu utamwombaje kitambulisho? Tena nilikuwa nimempigia mama simu, akaiomba, akamwamkia shikamoo, akamwita mama mkubwa. Mama mpaka leo anamuulizia. Sijamwambia.

Basi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa 3, jioni, mtaa wa Hillcroft hapa Houston, kwenye maegesho ya lile duka la nyama halali. Nimefika mapema. Nikaisikia ile Giulia aliyoniahidi kabla sijaiona. Walio na masikio ya injini watanielewa: V6 ya lita 2.9, turbo mbili, nguvu za farasi 505, ekzosi nne. Ikaingia taratibu, nyekundu iliyokolea kama damu ya mzee, na kwenye bawa la mbele lile jani la kijani la ncha nne ndani ya pembetatu nyeupe. Watoto wawili waliokuwa wanasukuma toroli na mama yao wakasimama.

Akashuka, akanirushia ufunguo. Hakunipa, alinirusha. Akili yake ilikuwa pale, sasa naiona: ukishaudaka ufunguo wa gari ile hewani mbele za watu, huwezi tena kuwa mtu wa kuuliza maswali. Nikakaa. Kitufe cha kuwashia kiko kwenye usukani wenyewe, kwa kidole gumba cha kushoto. Nyuma ya usukani kuna mapanga mawili ya alumini ya kubadilishia gia, ya baridi, marefu kama mkono wa kijiko. Nikawasha. Ikakohoa mara moja, ikanguruma, nami nikacheka peke yangu kama mwehu.

Tukaenda nayo barabara ya kulipia ya Westpark Tollway. Njia nzima ananipa hadithi. Kwamba jani lile alilichora dereva wa mashindano Ugo Sivocci kwenye gari lake 1923, akashinda mbio za Targa Florio kule Sicily, na mwaka huo huo akafa Monza akiendesha gari ambalo halijachorwa jani. "Ndiyo maana nakwambia hii ni hirizi, kaka." Hadithi nimeitafuta baadaye, ni ya kweli. Huo ndio uhodari wa tapeli, anakupa tisa za kweli uimeze ya kumi.

Ya kumi ilikuwa hii. Kuna Mmarekani mmoja kazi imemyumba, lizi imemshinda, kabakiza miezi 20. Analipa dola 640 kwa mwezi kwa sababu alitanguliza pesa nyingi. Mimi nitoe 7,500, humo ndani kuna kishika mkono cha Mmarekani na ada ya kuhamisha jina, halafu kila tarehe 1 nimpe yeye dalali 640, naye azipeleke kampuni "mpaka makaratasi yakamilike, siku 45 tu". Akatoa simu, akanionyesha akaunti ya lizi: jina la Mmarekani, gari, deni hakuna, malipo yamekamilika. Nikaona kwa macho yangu.

Pesa ile ilikuwa zamu yangu ya upatu. Wenzangu wa upatu mnasoma hapa, nawaona, na nawaomba msimwambie mtu niliwadanganya kwamba naweka paa Pongwe.

Nikatuma kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa benki kwa benki kwa simu, mafungu matatu kwa siku tatu kwa sababu benki ilikuwa na kikomo chake. Jina la mpokeaji likatokea la mwanamke. "Mke wangu huyo, akaunti yangu wameifunga kwa makosa." Nikabonyeza.

Miezi minne nimeishi kama mtu. Siwezi kusema uongo, nililipenda lile gari. Lilinipeleka kazini kila siku, si la kupiga nalo picha. Kiti cha Nuru kilienea nyuma kwa kulazimisha, Mama Nuru akilalamika kuwa anapokifunga mgongo unamuuma. Linakunywa ya oktani 91. Tairi la akiba halina. Pua iko chini mpaka matuta ya pale tunapoishi nilikuwa nayapita mshazari, kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo. Matairi ya nyuma, 285/30 inchi 19, yakaisha mwezi wa 6, nikanunua mawili kwa dola 870 nikidhani namnunulia matairi mtoto wangu. Nimenunulia kampuni. Nimewawekea gari lao matairi mapya wakaja kulichukua.

Wamekuja tarehe 9 mwezi wa 7. Nilikuwa sina zamu, nimeamka alfajiri kutia udhu, naona ukutani taa ya njano inazunguka. Nikachungulia dirishani. Bredauni imeshaingiza chuma chake chini ya magurudumu ya nyuma, Giulia imenyanyuliwa makalio juu kama mbuzi anayetaka kuchunwa. Nikashuka na msuli na fulana, maji yananichuruzika kwenye viwiko. Napiga kelele kwa Kiswahili, jamani, Kiingereza kilinikimbia chote! Yule kijana wa bredauni wala hakukasirika. Akatoa karatasi, akaniuliza jina. Nikamtajia. Akapitisha tochi kwenye karatasi, akatikisa kichwa, akasema hilo jina hapa halipo, nenda kampigie aliyekuuzia. Majirani wameshatoka kwenye vibaraza. Yule mama wa Honduras wa chini ambaye kila siku ananisifia gari, akaingia ndani akafunga mlango polepole, asinitie aibu. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Dalali hakupokea. Mpaka saa tatu asubuhi ameshanifungia namba.

Mmarekani nilimpata kwa shida baada ya siku sita. Kumbe naye kalizwa! Alimpa dalali gari pamoja na dola 1,500 "amtafutie mtu wa kulibeba". Kampuni haijapokea senti tangu mwezi wa 3. Kredi yake imechakaa, na bado anadaiwa yeye, pamoja na maili, maana mkataba wake ulikuwa maili 10,000 kwa mwaka na siku naipokea saa ya maili ilishasoma 14,300 kwa miezi 16. Sikujua hata kupiga hesabu hiyo. Tulizungumza dakika arobaini, watu wawili wazima, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mwizi, mpaka tukalinganisha tarehe.

Hesabu yangu: 7,500, na miezi minne ya 640 ni 2,560, na matairi 870. Dola 10,930. Lifti za sasa sijaziweka.

Sasa dalili. Zilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa natazama mapanga ya alumini. Ile akaunti aliyonionyesha ilikuwa picha ya skrini, maana sasa nakumbuka kwenye kona saa ilisema 10:22 asubuhi na sisi jua linatuzamia Hillcroft. Niliiona! Niliiona nikaipita. Simu hakuiachia mkononi mwangu. Nilipotaka tuwapigie kampuni akasema Jumamosi hawapokei, na Jumatatu haikufika. Mkataba wake kurasa mbili, namba ya chasisi haimo, na ile ina herufi na tarakimu 17, si kitu cha kusahaulika. Jina la mwanamke nimeshasema. Mmarekani sikukutanishwa naye. Na bei, kaka zangu: aliye rasmi 1,100, huyu 640. Wakala wangu wa bima alipoyasikia akashika kichwa, akasema ningeligonga huko barabarani pengine nisingelipwa kitu, kwa gari ambalo si langu na mwenyewe hajui ninalo.

Kuhamisha lizi kwa halali kupo, lakini ni kwa kampuni zinazokubali, nyingine hazitaki kabisa. Zinazokubali, wewe unaomba kwao moja kwa moja, wanakagua kredi yako wao, na malipo yako yanakwenda kwao. Dalali kupokea pesa ya kila mwezi katikati? Hakuna. Hilo tu ningelijua.

Na kwa wale wanaoniambia "hayo ni ya kudaiana, muyamalize kindugu": sheria ya makosa ya jinai ya Texas ina kifungu cha 32.34, kinamsema mtu wa namna yake hasa. Unachukua gari la mtu lenye lizi, unampa mtu wa tatu bila ruhusa ya maandishi ya kampuni, umetenda jinai. California na Florida nako wana sheria zao za namna hiyo. Mimi nimeshafungua taarifa polisi, Mmarekani naye, na tumepeleka malalamiko ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Undugu gani? Alipomwamkia mama yangu kwenye simu alikuwa anajua anachokwenda kumfanyia mtoto wake. Huyu asipewe kipaza sauti kwenye shughuli. Asipokelewe mchango. Ile 200 ya msibani mrudishieni, kama ni pesa ya watu kama mimi basi marehemu tumemzika kwa wizi. Afungwe, na akitoka afungwe tena, na hiyo kanzu aivue.

Juzi mtu kanitumia tangazo lake jipya. Maneno yale yale, "Mmarekani kashindwa lizi", safari hii ni Maserati Ghibli, bluu, imepigwa picha pale pale Hillcroft, bango la duka la nyama linaonekana nyuma. Kama umeshampa chochote, hata dola 100, nitafute leo. Tukiwa wengi kwenye faili inakuwa nzito.

Jumamosi hii kuna ile harusi, na nasikia kadi anayo. Nitakuwepo. Mwenye nafasi kwenye gari kutoka Katy aniambie.