Makerere kwa Siku Moja: Anza na Sanaa, Mengine Yatafuata

Mwanafunzi anayetoka Jinja, Mbale au Busia kuja kukitazama Chuo Kikuu cha Makerere hatakosa cha kuona. Atakachokosa ni muda, kwani foleni za Kampala haziheshimu ratiba ya mtu. Chagua siku ya kazi na ufike Wandegeya, mtaa ulio chini ya chuo, kabla ya saa tatu asubuhi. Jumamosi na Jumapili mlima wa chuo una utulivu mzuri, lakini utakuta milango mingi imefungwa. Wiki ya mahafali nayo iepuke kabisa.

Kutoka katikati ya jiji, taksi ya Kampala ndiyo ile iitwayo matatu Nairobi na daladala Dar: viti 14, na haing'oki stendi mpaka ijae. Ukikaribia taa za Wandegeya, mwambie konda “maaso awo” (hapo mbele) akushushe. Boda ni ya haraka zaidi, ila patana nauli kabla ya kupanda na udai kofia ngumu. Madereva wengi wanaelewa Kiswahili; hata hivyo, “ssebo” (bwana, kwa Kiganda) moja mwanzoni hulainisha mazungumzo ya bei.

Kuingia kwa miguu ni bure. Walinzi hukagua mikoba, kwa hiyo beba kitambulisho cha shule. Usitarajie kumkuta mtembeza wageni akikungoja langoni, na hapo ndipo ziara hii inapopungua: mahali penye historia nzito hivi pangestahili vibao vingi zaidi. Chuo kilianza mwaka 1922 na wavulana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Julius Nyerere alisomea ualimu hapa kuanzia 1943 hadi 1945, na Mwai Kibaki akahitimu uchumi mwaka 1955. Asiyeyasoma hayo nyumbani atatembea akiona majengo tu.

Wengi hukimbilia Jengo Kuu, lile jeupe lenye mnara wa saa. Picha zake hutoka vizuri ukisimama mbali kidogo, ng'ambo ya uwanja wa Freedom Square. Lakini ujue unachopiga picha: jengo la 1941 liliteketea kwa moto Septemba 2020, na hili lililofunguliwa Oktoba 2024 limejengwa upya kwa sura ileile. Kazi ni safi, hata kama uzee wake ni wa kuazima.

Kwangu, thamani ya safari iko kwenye shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, mwalimu aliyeanzisha masomo hayo miaka ya 1930, na jumba lake la maonyesho. Hapa ndipo walipopitia Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Tanganyika. Ipe saa nzima. Uliza kabla ya kupiga picha ya kazi yoyote, na usipite karakana za uchongaji bila kuchungulia.

Maktaba kuu kwa sheria hupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa Uganda. Anayetaka kusoma ndani aende na barua ya shule yake. Mabweni yatazame kwa nje. Wenyeji wakitaja “Lumbox” wanamaanisha urafiki wa Lumumba, bweni la wavulana, na Mary Stuart la wasichana. Na usikae chini ya miti mikubwa: korongo marabu wako juu, na kinyesi chao hakichagui shati.

Kwa chakula, shuka Wandegeya. Roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya mayai mawili humtosha mtu mmoja. Iagize ikaangwe ukiona, maana iliyokaa kwenye kabati la kioo chapati yake hukauka.

Mchana ukibaki, telemka upande wa Kikoni uchukue boda hadi Kasubi, walikozikwa makabaka (wafalme) wanne wa Buganda. Nyumba kubwa ya nyasi iliungua Machi 2010, na UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kuna kiingilio, na wageni wa nje hulipa zaidi. Wasichana wavae sketi ndefu au wabebe leso ya kujifunga. Anza kurudi stendi kabla ya saa kumi. Baada ya hapo mvua na foleni vikikutana, Wandegeya haisogei.